Bibi Harusi na Bloku Mia kwa Sekunde

Wiki iliyopita nafasi gazetini ilituishia Mwatime akiwa na simu sikioni. Mdogo wake Hadiya, bibi harusi wa siku hiyo, alikuwa amempigia kutoka ghorofa ya tatu kule Gulfton, Houston, akasema mambo mawili tu: mlango umekataa kufunguka, na humo ndani hayumo peke yake.

Baadhi yenu mmetuandikia mkiapa kwamba aliyemo ni mwizi. Wengine mmesema ni jini. Hapana. Aliyemo ni Swafwani, rafiki wa Shuaib bwana harusi, na amebeba mbuzi.

"Mbuzi gani?" Mwatime aliuliza.

"Wa biriani. Ameshachinjwa, ameshachunwa, yuko mzima begani kwake. Kaingia naye mpaka jikoni, mlango ukajifunga nyuma yake. Dada, niko na mwanamume ndani siku ya harusi yangu, mama ameshatangulia msikitini, na mashangazi wa Shuaib wako chini kwenye maegesho, wametazama juu."

Mwatime alitafuta pa kukaa, akapata ndoo.

Alikuwa Garland, upande wa pili wa Texas, safari ya nusu siku kwa gari. Alikuwa amevaa gauni la harusi la rangi ya zambarau, hina mikononi, buti za kazi miguuni. Alikusudia kuondoka alfajiri awahi kumpamba mdogo wake. Badala yake alfajiri ilimkuta ndani ya kituo cha data, na sasa ilikuwa mchana wa Jumamosi ya Agosti, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia Hadiya mlango.

Kwa mnaoanza leo, mambo yako hivi.

Mwatime, mzaliwa wa Mombasa, ni mhandisi mkuu wa kampuni ya Komeo. Komeo wanauza vitasa visivyo na ufunguo. Unabonyeza simu, ombi lako linakwenda kwenye seva, seva zinakusanya maombi ya watu wote na kuyafunga pamoja katika bloku. Bloku ikishafungwa na seva zote zikiikubali, mlango wako unafunguka. Kisha inaanza bloku nyingine inayoshikana na ya kwanza, na nyingine, mpaka unapatikana mnyororo ambao hakuna awezaye kuuchezea. Hayo ndiyo maneno yaliyo kwenye matangazo yao.

Taabu ilikuwa kwenye kungoja. Kila bloku ilichukua sekunde kumi na mbili. Kule Gulfton, ambako jengo zima la apatimenti lilifungwa vitasa hivyo, watu walisimama milangoni na mifuko ya dukani mpaka maziwa yakapata joto. Mzee mmoja aliyekuwa anaumwa tumbo alimwapiza mwenye Komeo kwa lugha tatu.

Mwenye Komeo ni Bwana Zéphyrin, mtu wa Bukavu, anayevaa suti ya vipande vitatu hata akienda kununua mafuta ya gari. Alimwita Mwatime akamwamuru apunguze muda wa bloku. Mwatime alimwambia sekunde mbili zitatosha, hakuna atakayeumia. Zéphyrin alitaka bloku mia kwa sekunde moja. Mwatime alijua kwamba huo ni wazimu. Alijua pia kwamba Jumamosi wageni wa harusi wangejaa mlangoni kwa mama yake kule Gulfton, na asingependa ukoo wa bwana harusi usimamishwe nje kama watu waliokuja kuomba. Akaketi, akaandika amri, akabonyeza.

Kwa muda milango ilifunguka kabla hujatoa kidole kwenye simu. Zéphyrin alicheza rumba peke yake ofisini.

Halafu umbali ukadai haki yake.

Komeo wana vituo viwili, Garland na Houston, na vyote viwili hufunga bloku. Sasa bloku iliyofungwa Garland ilipokimbia kwenye waya mpaka Houston, ilikuta Houston wameshafunga yao nyingine. Ya Houston ilipofika Garland, nayo ilikuta mambo yameshasonga. Hakuna aliyepata nafasi ya kumsikia mwenzake. Kila kituo kikajenga mnyororo wake chenyewe. Kufikia saa ile Hadiya anapiga simu, Garland iliamini kwamba milango yote ya dunia imefunguliwa, na Houston iliamini kwamba milango yote ya dunia imefungwa.

Gulfton iko Houston. Milango yake iliisikiliza Houston.

Mwatime alimuuliza Hadiya kama wameshaita zimamoto. Hadiya alisema walikwishafika. Walileta ngazi ndefu, mzimamoto mmoja mwenye masharubu akapanda mpaka kwenye baraza na kunyoosha mikono ambebe. Hadiya alimwambia kwa Kiingereza cha heshima kwamba hatakwenda kwenye nikaha yake akiwa begani mwa mtu asiyemjua. Swafwani alijitolea abebwe yeye. Mashangazi walipiga kelele kutoka chini kwamba akishuka peke yake watu watasema ametoroka. Wazimamoto walishauriana, wakanywa soda, wakaondoka.

"Na mlango wenyewe? Hauvunjiki?"

Ulikuwa wa chuma. Komeo ndio waliouweka. Mwatime ndiye aliyeuchagua.

"Kaa mbali na Swafwani," alimwambia mdogo wake. "Na simu usiikate."

Mwatime aliiweka simu mfukoni ikiwa wazi na kumpigia Cheruiyot kwa ile ya kazini. Cheruiyot ndiye fundi wao wa Houston. Mpango ulikuwa rahisi: Cheruiyot azime seva za Houston, mnyororo wa Houston ufe, milango yote isikilize Garland na kufunguka.

Cheruiyot alipokea simu akiwa nje, juani. Alieleza kwa upole kwamba alitoka kununua chakula, na aliporudi mlango wa kituo ukamkataa.

"Nime-scan uso, nime-scan kidole, madam. Unaniambia mimi si mtu."

Mwatime alimwambia akate umeme. Cheruiyot alisema alishawaza hivyo, ila umeme ukikatika jenereta linawaka lenyewe, na chumba cha jenereta nacho kina kitasa cha Komeo. Mlinzi aliyebaki ndani angeweza kuzima, lakini alikuwa chooni.

"Mwambie atoke."

"Hawezi kutoka, madam. Choo nacho ni chetu."

Mwatime alimshukuru. Alibaki na njia moja tu, na ili muielewe yabidi niwape kanuni moja. Minyororo miwili ikibishana, ule mrefu ndio unaoshinda, mradi umeuacha mwenzake nyuma kwa pengo la kutosha. Mfupi unasalimu amri, unajifuta, unaukubali ule mrefu kana kwamba haukuwahi kuwa na mawazo mengine. Garland ikiiacha Houston nyuma, milango yote itafunguka. Houston ikienda mbele mno, hata ile milango ya Garland iliyo wazi itajifunga.

Akatazama kioo cha kompyuta. Houston ilikuwa mbele.

Sababu aliihisi mgongoni. Houston, kwa kuwa milango yake yote ilikuwa imefungwa, ilikaa ndani ya ubaridi wake kama nyama kwenye friji. Garland ilikuwa wazi kila upande. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, wa nyuma wazi, hata lile lango kubwa la kupokelea mizigo, na hakuna hata mmoja uliokubali kufungwa. Joto la Texas liliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Na seva zenyewe, zikilazimishwa kufunga bloku mia kila sekunde bila kupumua, zilitoa joto jingine juu ya hilo. Mitambo ya kupoza ilinunuliwa enzi za sekunde kumi na mbili. Ilikuwa ikilia kama punda. Na seva ikipata joto, hujipunguzia mwendo isije ikaungua.

Wakati huo Zéphyrin aliingia kupitia lango la mizigo, suti ya rangi ya haradali, kofia mkononi, jasho likimchuruzika.

"Ingénieur, tuzime hii," alisema. "Hii yetu iko moto sana. Ile ya Houston iko bien, iko na baridi yake. Tuache Houston ishinde, kesho tunatengeneza."

"Houston ikishinda, mdogo wangu anabaki ndani."

"Siku moja tu."

"Siku ya harusi yake. Na mwanamume, na mbuzi."

Zéphyrin hakuwa amepata habari za mbuzi. Alivaa kofia, akavua, akauliza kama huyo mwanamume ni bwana harusi. Mwatime alimweleza: Swafwani ni rafiki wa Shuaib, bwana harusi. Wote wawili ni vijana wa Unguja, wanakaa nyumba moja Euless jirani na uwanja wa ndege, wanaendesha malori ya mizigo. Swafwani alitangulia na nyama. Shuaib mwenyewe yuko njiani na wazee, na atafika akute mkewe mtarajiwa amefungiwa na rafiki yake mbele ya ukoo mzima.

Zéphyrin aliweka kofia chini. Kisha akasema jambo ambalo Mwatime hakulitegemea. Alisema kwao Bukavu nyumba haikuwa na komeo. Usiku ule wa vita, waliokuja kuwavamia walikuja kwa kusukuma mlango tu. Ndiyo maana alipofika Amerika aliapa kwamba atawatengenezea watu milango isiyoweza kusukumwa na mtu.

"Sikufikiria yule mwenye iko ndani," alisema.

Mwatime alimpa ndoo yake akae. Halafu akatoka kutafuta barafu.

Jirani na kituo chao kuna ghala la baridi la vyakula, na msimamizi wa zamu siku hiyo alikuwa Clothilde, mama wa Uvira, mwimbaji wa kwaya. Clothilde na Mwatime hawakuwa wanaongea. Walikosana kwa sababu ya kelele za mitambo, ambazo Clothilde alidai zinaharibu mazoezi ya kwaya anayoyafanya wakati wa mapumziko. Mwatime alimkuta mlangoni, akamweleza yote kwa pumzi moja, gauni la zambarau likiburuzika kwenye lami.

Clothilde alisikiliza mpaka mwisho. Alisema barafu hana. Alichonacho ni samaki wa kugandishwa: sato wengi, mikebuka kiasi, wanaosubiri lori la Jumatatu.

"Unawataka ya kukula ao ya kuweka ku mashini?" aliuliza.

"Ya mashini."

"Na nitawapata tena?"

Mwatime alisema atajitahidi. Clothilde alimtazama hina, akatazama buti, akaita dereva wa foklifti.

Hivyo ndivyo kituo cha kwanza cha data kilichopozwa kwa sato kilivyoanza kazi. Foklifti iliingiza marobota ya maboksi ya samaki, kila moja juu ya fremu yake ya mbao, kupitia lile lango lisilofungika, ikayapanga mbele ya feni zinazovuta hewa. Wanawake wa zamu ya Clothilde walikuja na glavu zao nene, wakapasua maboksi, wakapanga samaki kwenye rafu zilizokuwa tupu, vichwa upande mmoja kama walivyozoea. Hewa ilipita juu ya samaki, ikaingia kwenye seva, ikatoka upande wa pili ikinuka ziwa.

Clothilde aliona kazi inakwenda polepole, akaanzisha wimbo. Wenzake wakaitikia. Mwatime, Mwislamu wa Mombasa, alijikuta akipokezana maboksi kwa mapigo ya kwaya ya Uvira, na hakuona ubaya wowote.

Zéphyrin alivua koti. Alivua na kizibao. Akabeba samaki mikononi kama mtu aliyebeba watoto mapacha, viatu vyake vya ngozi vikilowa.

Joto lilishuka, likasita, likashuka tena. Mwatime alikimbilia kwenye kioo. Garland ilikuwa imeongeza mwendo. Bado ilikuwa nyuma, lakini pengo lilipungua.

Hapo ndipo samaki walipoanza kuyeyuka.

Maji yalitiririka sakafuni kuelekea nyaya. Mwatime alipiga magoti, akavua mtandio wake wa harusi, akauziba nao mfereji uliokuwa unaelekea kwenye umeme. Dereva wa foklifti alileta mbao za marobota, wakainua nyaya juu yake. Zéphyrin alilaza koti lake la haradali chini kama bwawa. Lilikunywa maji mengi kuliko alivyotarajia mtu yeyote.

Mfukoni mwa Mwatime simu ilikuwa bado wazi. Kila alipoiweka sikioni alisikia sauti ya Swafwani ikizungumza taratibu bila kukoma, kama mtu anayeeleza safari ndefu. Mwanzoni Hadiya alikuwa akimkatiza. Baadaye akawa anauliza maswali mafupi. Baadaye hakuuliza kitu. Mwatime alidhani ni uchovu, akarudi kwenye maji yake.

Bi Jannat, shangazi mkubwa wa Shuaib, alimpigia kwenye simu ya kazi. Namba aliipata kwa mwenye apatimenti. Alisema kwa sauti ya Kiunguja, iliyo tamu hata ikikasirika, kwamba msikitini watu wameshajaa, kwamba yeye haamini habari za bloku, na kwamba katika umri wake hajapata kusikia mlango unaopiga kura. Alitaka kujua jambo moja: mlango utafunguka au hautafunguka? Mwatime alimwomba avute subira kidogo. Bi Jannat aliuliza kwa nini anasikia kwaya.

Clothilde aliagiza robota jingine. Halafu jingine. Mikebuka walikuwa wa mwisho.

Garland ikaikaribia Houston. Kwenye kioo mistari miwili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu, ilikuwa ikipanda sambamba, pua kwa pua. Wimbo ulikoma wenyewe. Wanawake wa ghala, dereva wa foklifti na Zéphyrin akiwa na sato mkononi, wote walikuja kusimama nyuma ya Mwatime, ingawa wengi wao hawakujua wanachokitazama.

Mstari wa kijani ulipita, ukazidi kupanda, ukaacha pengo.

Houston ilisita kidogo tu, kisha ikajifuta na kusalimu amri. Mstari mwekundu ukatoweka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Cheruiyot. Mlango umemtambua. Mlinzi ametoka chooni na hataki kuongea na mtu. Mwatime hakungoja zaidi. Aliandika amri ya kurudisha muda wa bloku kwenye sekunde kumi na mbili, na vituo vyote viwili vikaikubali, kwa sababu sasa vilikuwa na nafasi ya kusikilizana. Feni zikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri watu waliweza kuongea bila kupaza sauti.

Zéphyrin alimkumbatia Clothilde pamoja na sato. Clothilde alimwambia samaki wote waliotolewa maboksini ameshawanunua, apende asipende. Wakaanza kucheka, na Mwatime akacheka nao mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa kwa mkono uliokuwa unanuka samaki.

Kisha akakumbuka simu iliyo mfukoni.

"Hadiya. Umefunguka."

Alisikia bawaba ikilia, mlango wa chuma ukisogezwa kidogo. Halafu akasikia kitu ambacho hakukielewa mara moja: mlango ukirudishwa, polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kusikika.

"Dada," Hadiya alisema kwa sauti ya chini. "Waambie bado umekataa."

Mwatime alidhani hakusikia vizuri. Alimwambia milango yote imefunguka, Gulfton nzima, watu wanatoka na kuingia, aende zake akaolewe.

"Nimeona kwamba umefunguka. Waambie bado umekataa. Swafwani hajamaliza kunieleza."

"Kukueleza nini?"

Nyuma ya Hadiya, Swafwani alikuwa ameacha kuzungumza.

Mwatime alimgeukia Zéphyrin, ambaye alikuwa ameshachukua simu yake na alikuwa akiwaandikia wateja wote wa Komeo kwamba milango yao iko wazi. Alimpokonya kabla hajatuma. Zéphyrin aliuliza kuna nini tena. Mwatime alifungua kinywa kumjibu, na ile simu ya kazi ikaita.

Alikuwa Shuaib. Alisema amefika Gulfton, amekaa garini kwenye maegesho, vioo vimepandishwa, na wazee wameshashuka. Alizungumza kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

"Shemeji, naona majirani wanaingia majumbani mwao. Ina maana milango imefunguka?"

Mwatime alikuwa na simu mbili, moja kila sikio. Hakujua aseme ndiyo au hapana, kwa hiyo alimuuliza yeye angependa iwe vipi.

Shuaib alivuta pumzi.

"Nakuomba, shemeji," alisema. "Kama bado una uwezo, ule wa Hadiya ufunge tena. Ufunge sasa hivi, kabla Swafwani hajatoka."

Akakata.

Vidole vya Mwatime vilikuwa juu ya kibodi. Amri moja, sekunde kumi na mbili, na mlango ungejifunga. Bibi harusi alitaka hivyo. Bwana harusi alitaka hivyo. Na katika sikio la kushoto, kupitia simu ambayo Hadiya hakuwa ameikata, Mwatime alisikia viatu vya Bi Jannat vikipanda ngazi za ghorofa ya tatu, na nyuma yake viatu vizito vya wazee, na mkono wa mtu ukishika kitasa. Na nafasi gazetini imetuishia tena.